Habari za Raphaël wa Stechford na Kigurudumu cha Mkwewe

Njoni, enyi mlioning'inia kwenye mabasi ya Stratford Road hapa Birmingham, na nyinyi mliokaa majumbani mkingoja mashine ya kufulia imalize kuzunguka; tegeni masikio, zimeni simu, na mwenye kikombe cha chai akiweke chini, maana habari hizi zina misukosuko na chai itamwagika. Nitawasimulia vita. Si vita vya wafalme, ambavyo wengi wamevisimulia na wengi zaidi wamevifia, bali vita alivyopigana Raphaël mwana wa Bukavu, mpangaji wa masanduku katika ghala la barafu, mume wa Thérèse, siku alipotoka kwenda kuchagua kigurudumu cha kuvutia mshipi, kile kidude cha ukubwa wa ngumi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Na samaki wenyewe waliokusudiwa ni wale wa bwawa la Hodge Hill, ambao jitu lao hulala kiganjani na nafasi ikabaki.

Namwomba Muumba wa maji yote, ya ziwa na ya bomba, anipe ulimi usiozidisha chumvi. Mimi ni Kwamboka, muuguzi, mzaliwa wa Kisii, na habari za samaki sikuzaliwa nazo. Lakini nilikuwepo. Gari lililombeba shujaa kwenda vitani lilikuwa langu, na kioo chake cha mbele kina doa hadi leo, na asili ya doa hilo mtaisikia.

Basi ikawa, katika nyumba ya Raphaël iliyo karibu na stesheni ya Stechford, aliishi Mzee Israël, baba yake Thérèse, mzaliwa wa Uvira, mlaji wa mikeke, wale samaki wa ziwa la kwao, msimamizi wa maombi, ambaye familia ilimngojea miaka hadi karatasi zake za kuingia Uingereza zikakubaliwa. Hakumaliza hata baridi ya kwanza, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Miguu ilirudi. Ulimi ulirudi pamoja na ukali wake wote. Mkono wa kulia ulirudi nusu, na nusu nyingine ikabaki huko ilikokwenda. Nikamwambia, kwa mamlaka ya kazi yangu, kwamba mkono huo unataka kupewa kazi, na Raphaël, mwenye akili nyepesi kuliko kimo chake, akamnunulia fimbo na kigurudumu. Kila Jumamosi wakawa wanaenda bwawani, mzee akizungusha mpini taratibu, na mkono ukaanza kukumbuka. Niliviona vidole vile vikifunguka kidogo kidogo, nikafurahi kana kwamba ni vya baba yangu.

Kisha, baada ya Pasaka, kigurudumu kikagoma. Mzee alizungusha, kikakaza. Akalazimisha, kikasaga meno na kusimama. Wavuvi wa Kiingereza waliokuwa kando ya maji wakageuza nyuso kwa adabu. Mzee Israël akailaza fimbo majanini, akautazama mkono wake kwa muda, kisha akanena: "Basi. Huu mukono ulishakufa. Munirudishe ku nyumba."

Sasa mtaniuliza, kwa nini Raphaël hakukishika kigurudumu hicho akakizungusha mwenyewe, ajue kasoro iko wapi? Enyi mnaouliza, hamkuoa kwa watu wa Uvira. Mkwe kumpokonya baba mkwe fimbo mbele za watu na kuijaribu kwa mkono wake mzima, huko ni kumwambia mzee, tazama wanaume wanavyofanya. Raphaël aliinua ile fimbo kwa mikono miwili, akiwa ameinamisha kichwa. Nyumbani akakifungua kigurudumu pasipo kukigeuza, akakitia katika mfuko wa mkate, akakificha chini ya ngazi, na hakuna aliyekitaja tena.

Tangu siku hiyo mzee akakaa kwenye kiti cha dirishani akitazama treni. Mkono aliuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Hata kanisani Sparkhill, katika ule ukumbi tunaokodi juu ya duka la nguo, hakuja tena, na zaburi zikakosa mtu wa kuzisoma kwa sauti ya kutisha. Siku moja katikati ya mazoezi ya kwaya Thérèse alinishika mkono, akasema polepole: "Dada Kwamboka, Papa iko nafia pa kiti. Haina ugonjwa. Iko nafia tu." Akalia, na wimbo ukatushinda sote wawili.

Hapo ndipo Raphaël aliposimama jikoni kwake, amevaa soksi, akahutubia baraza la wanawake wawili na sufuria ya maharage.

"Thérèse, mama ya hii nyumba, na weye Dada Kwamboka mwenye motokari, musikie! Kama mukono ya Papa iko na nguvu nusu, miye nitatafuta mulinee yenye kuomba nguvu robo. Nitatafuta yenye kuzunguka lainilaini, yenye haichoke, yenye haivunjike hata mwaka ikija na mwaka ikienda. Sitarudia hapa na mikono mitupu. Voilà, nimesema."

Mulinee, ndivyo watu wa Kongo wanavyokiita kigurudumu. Thérèse akamwambia avae viatu kwanza.

Sikieni basi jinsi shujaa alivyojivika silaha. Hakuchukua ngao wala upanga. Alichukua glavu zake za ghala la barafu, zile nene za buluu ambazo mtu akizivaa hawezi hata kujikuna, akaziweka kifuani ndani ya koti. Nilipomuuliza za nini, na nje jua linawaka, alinijibu kwamba mkono wake ni mzima, na mkono mzima hauwezi kumchagulia mkono mgonjwa. Kwa hiyo atauharibu wake kidogo. Sikucheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa.

Duka tulilolikusudia halikuwa mbali na stesheni, na lilikuwa la Sukhdev, bwana mwenye kilemba cha rangi ya zambarau na ndevu za kuheshimika, mlinzi wa ndoana elfu na mfugaji wa funza wa chambo. Sukhdev husema Kiingereza cha Birmingham, tena kwa uchache, neno moja hapa na lingine pale, lakini mimi kama mwandishi wa habari za mashujaa nimeyavalisha maneno yake nguo za sherehe, naye akija kusoma atanisamehe.

"Karibuni, wageni," alinena Sukhdev, yaani alisema tumtafute akihitajika. "Mwataka kumvua nani?"

"Wale samaki wadogo," Raphaël alijibu, akionyesha kwa vidole urefu wa kijiko. "Wenye mistari, na wale wengine wenye mapezi mekundu."

"Na mvuaji ni nani?"

"Ni Papa," Raphaël akasema. "Mkono wake una kiharusi."

Sukhdev hakutoa pole. Alifungua kabati la vioo, akaanza kuvitoa viguru­dumu kimoja baada ya kingine na kuvipanga mezani, na hapo vita vikaanza. Raphaël akavaa glavu zake. Wateja wawili waliokuwa wakichagua rangi za vielea, vile viboya vidogo vya mshipi, wakasogea nyuma.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa wa dhahabu, aking'aa kila upande, mwenye beringi nyingi kiasi kwamba zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Raphaël alifumba macho, akakizungusha kwa glavu. Kilikwenda, lakini kilikuwa kizito, cha kuvutia samaki wa baharini wenye ugomvi, na mkono wa glavu ukaanza kutetemeka. "Hii itamuvunja Papa bega," akanena, akakirudisha. Akaja mwingine, mwepesi mno, wa plastiki, mpini wake ukicheza huku na huku. Raphaël akamtikisa karibu na sikio langu nikasikia vitu vikigongana ndani. Huyo tulimfukuza bila mjadala. Akaja mweusi mrembo aliyezunguka vizuri sana mpaka alipotaka kusimama, na hapo akaruka kidogo, ule mruko wa gari linapopita juu ya jiwe. Mkono mzima usingeuhisi. Mkono wa glavu uliuhisi, na Raphaël akafumbua macho kwa huzuni, maana moyo wake ulikuwa umempenda huyo mweusi.

Hivyo ndivyo walivyoanguka, mmoja baada ya mwingine, na Sukhdev akatoa wengine kutoka nyuma, na jasho likamtiririka shujaa ndani ya glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya barafu. Nilitaka kukaa lakini hapakuwa na kiti.

Mwisho Sukhdev akatoa kidude kimoja kidogo cha kijivu, kisicho na urembo wowote, akakiweka mbali na wenzake, akasema neno moja ambalo mimi nalifasiri hivi: "Huyu hajitangazi."

Raphaël akafumba macho. Akazungusha. Tukangoja kusikia kitu, na hatukusikia. Akavua glavu moja, akazungusha kwa kidole kidogo cha mwisho, na kidude kile kikaendelea kuzunguka kwa ulaini wa siagi juu ya chapati ya moto, hata alipoacha kikazunguka tena kidogo kwa hiari yake, kisha kikatulia pasipo kuruka. Mwili wake ulikuwa wa chuma chepesi. Meno ya ndani, Sukhdev alituonyesha, yalikuwa ya shaba. Waya unaokamata mshipi ulifunguka na kufunga kwa mlio mmoja mdogo wa uhakika. Na mpini ungeweza kuhamishwa kushoto au kulia, kwa mkono wowote utakaoamua kuishi.

"Kitadumu?" Raphaël akauliza.

"Baba yangu alikuwa nacho cha namna hii," akasema Sukhdev. "Alitangulia yeye."

Basi ushindi ungekuwa umekamilika hapo, nami ningekuwa nimefika nyumbani mapema. Lakini Raphaël, kwa kutaka kulinganisha ukubwa, alitoa kutoka kotini ule mfuko wa mkate uliokaa chini ya ngazi, akaweka mezani kigurudumu cha zamani. Sukhdev akajaribu kukizungusha. Kikamgomea hata yeye, mtu wa vifundo vya mikono vinene kama mchi. Akachukua bisibisi, akakifungua tumboni, akainama, akanusa. Kisha akatuuliza kwa upole kama kuna mtu aliyekuwa akikikaanga.

Ndani yake kulikuwa na utomvu wa manjano, mzito, umeshika mchanga na nywele na kuganda katikati ya meno. Harufu yake niliijua. Ni ya mafuta ya zeituni yaliyooza.

Enyi wasikilizaji, mnakumbuka doa la kioo cha gari langu. Katika nyumba anamokaa Mzee Israël hakiingii kitu kipya pasipo kuombewa na kupakwa mafuta. Birika la umeme lilipakwa. Kitanda kilipakwa, na viatu vya shule vya watoto, na kisanduku cha intaneti ukutani. Niliponunua gari langu alilizunguka akiomba, akamimina chupa kwenye kioo, nami nikaendesha hadi nyumbani nikiona taa za barabarani zikiwa na mbawa. Na kigurudumu kile, siku kilipoletwa, alikishika kwa heshima kubwa, akakinywesha mafuta kupitia kila tundu aliloliona, ili adui asipate pa kuingilia. Adui hakupata. Hata mpini nao haukupata pa kuzungukia.

Raphaël alinong'ona: "Kwa hiyo si mukono."

"Si mkono," nikasema.

"Mukono haikukufa."

"Haikukufa hata siku moja. Hata huyu bwana ameshindwa kuzungusha hiki kigurudumu."

Akageuka, akautazama ukuta wenye picha za samaki, akautazama kwa muda mrefu kuliko picha zile zinavyostahili, na mabega yake yakatikisika. Sukhdev akajifanya kutafuta boksi. Kabla hatujatoka alituagiza kwamba kile kipya kipewe tone moja la mafuta ya mashine mara moja kwa mwaka, na kisikaribie kitu chochote cha kupikia. Cha zamani akabaki nacho akioshe.

Garini ndipo tulipogundua kwamba vita vikubwa bado.

"Si umwambie tu," nikasema. "Shida ni mafuta, si mkono. Hiyo ni good news, Raphaël!"

Alinitazama kana kwamba nimemshauri avue suruali sokoni, akajibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni ndiyo: "Dada, miye niko mukwe. Mukwe anaambia baba ya bibi yake: baraka yako njo iliharibu kintu? Kwetu hata kiti yake siwezi kuikalia."

"Basi nitamwambia mimi. Mimi ni nurse, nimezoea kuambia watu vitu mbaya."

"Atajua ni miye nilikutuma."

Thérèse naye, tulipomweleza jikoni, alifunika mdomo kwa kitambaa. Asingeweza. Na mtego ulikuwa huu: asipoambiwa, ataendelea kuamini mkono umekufa, na hata akikubali kwenda bwawani, atakichukua kile kipya, chenye meno ya shaba, alichokitafuta mkwewe kwa jasho la glavu, naye kwa upendo atakinywesha chupa nzima.

Jumamosi ikafika. Mzee Israël alikuwa kitini, amevaa kofia yake ya sufu, treni ikipita. Chupa ya mafuta ilikuwa dirishani, mahali pake pa siku zote. Raphaël akaingia na boksi, na boksi hilo alikuwa amelizungushia utepe wa gundi wa kufungia masanduku ya ghalani kila upande, tabaka juu ya tabaka, hata likafanana na kifurushi cha mtu anayehama nchi. Akapiga goti.

"Papa," akasema, "nimeleta mulinee. Iko mpya."

Mzee akalitazama boksi. "Ya nini? Mukono iko wapi?"

"Twende tu, Papa. Ukishindwa, tutarudia."

Treni nyingine ikapita. Kisha mkono wa kushoto wa mzee ukaenda dirishani, ukaichukua chupa, na Thérèse aliyekuwa mlangoni akanibana kiwiko hadi nikaumia. "Ilete," mzee akaamuru. "Tuiombee."

Hapa, enyi kizazi kijacho, ndipo Raphaël alipofanya tendo lake. Hakukataa. Hakusogeza boksi mbele, wala hakulirudisha nyuma. Alinyoosha mikono yake miwili, akauinua mkono wa kulia wa mzee kutoka mapajani, akaufungua kiganja, akaushika hivyo.

"Papa, mulinee haina ugonjwa," akanena. "Wenye waliitengeneza walishaimaliza. Chenye kiko naomba baraka njo huu mukono. Pakaa huu."

Mzee Israël alimtazama. Akalitazama boksi lililofungwa kama hazina ya benki. Akanitazama mimi, nami nikatazama zulia.

"Na ile ya zamani," akauliza polepole, "iko wapi?"

"Iko kwa fundi, Papa."

"Inafanya nini kwa fundi?"

Mkwe hadanganyi baba mkwe, na mkwe hamsahihishi baba mkwe, na kati ya hayo mawili pamebaki njia nyembamba sana. "Inaoshwa, Papa," Raphaël akasema.

Mzee akaitazama chupa iliyo mkononi mwake, akaigeuza kwenye mwanga, kama mtu anayesoma maandishi yaliyokuwepo siku zote. Akadondosha matone machache kiganjani mwake mwenyewe, akaomba dua fupi, fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, akasema amina, akaomba viatu.

Bwawani palikuwa na upepo mdogo na bata wenye dharau. Raphaël alikata gundi kwa kisu cha ghalani, akafunga kigurudumu kwenye fimbo, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Lakini Mzee Israël hakuipokea mara moja. Alitoa leso mfukoni, akaufuta mkono wake wa kulia, kiganja kwanza, kisha kidole kimoja kimoja hadi ukucha, taratibu, pasipo kumtazama mtu. Akaikunja leso, akairudisha mfukoni, ndipo akaipokea fimbo.

Raphaël alimrushia mshipi. Tukasubiri. Mara kielea kikazama, na mzee akaushika mpini kwa vidole vile vinene vilivyokuwa vimehukumiwa kufa, na vidole vikazunguka. Vilizunguka! Kwa kusitasita, kisha kwa mpigo, kisha kwa ile hasira ya mtu aliyedanganywa tangu Pasaka. Na kigurudumu hakikulia, hakikusaga, kilimfuata tu. Na kutoka katika vilindi vya Hodge Hill akapanda mnyama wa kutisha, mwenye mistari na miiba mgongoni, urefu wake kama kijiko cha kulia wali, akarukaruka hewani huku bata wakikimbia. Thérèse alipiga vigelegele hata Mwingereza wa upande wa pili akasimama. Mimi nililia, na sioni haya kuliandika.

"Sasa tunamukula?" mzee akauliza.

"Hapana, Papa. Hapa tunamurudisha."

"Tunamurudisha?" Alimkodolea macho mkwewe. "Kazi hii yote, na tunamurudisha?" Akatikisa kichwa kwa ajili ya taifa zima la Waingereza. Kisha akamshika samaki kwa mkono wa kulia, akauinamisha majini, akavifungua vidole mwenyewe.

Jioni, nyumbani, Mzee Israël alipita kiti cha dirishani pasipo kukaa. Aliichukua chupa ya mafuta, akamimina kidogo katika kichupa cha dawa, akakitia mfukoni mwa koti. Iliyobaki akampa Thérèse.

"Hii kidogo ni ya bantu, inabaki kwangu," akasema. "Hii ingine ya bintu, peleka ku jiko." Bantu kwao ni watu, na bintu ni vitu. Kisha, akiwa amemgeuzia Raphaël mgongo: "Mukwe wangu iko na heshima sana. Alizunguka mbali."

Basi na iandikwe, ipigiwe ngoma kutoka Stechford hadi Sparkhill, na wajukuu waulizwe katika mitihani: kwamba Raphaël mwana wa Bukavu, mwenye glavu za buluu, aliushinda utomvu na ukimya pasipo kumpinga mtu, akakileta nyumbani kigurudumu kilaini kisichochoka, na kwamba usiku huo huo wa ushindi Thérèse alikaanga ndizi kwa mafuta yaliyoombewa, sahani ikajaa, na mzee akala kwa mkono wa kulia.